Chema Chajitembeza

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wahenga, lakini kwa upande wa vitabu naomba tutofautiane. Kitabu kibaya hakitembei. Kinakaa dukani mpaka jua la dirishani linakula rangi ya jalada, au kinakaa kwenye kabati la mtu aliyekinunua ili wageni wakione. Kitabu chema ndicho kinachojitembeza, mkoba hadi mkoba, kitanda hadi kitanda, mpaka mwenyewe anasahau kilianzia kwa nani.

Ninacho kimoja cha namna hiyo hapa mezani. Ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Jalada halipo. Kurasa za mwanzo zimeshonwa kwa uzi mweusi. Ule ukurasa mweupe wa mwisho una majina 11, kila moja na mwandiko wake. Nilipewa na mama yangu mdogo, ambaye naye hakukinunua. Aliazimwa mwaka 1986 akiwa kidato cha pili, na dada wa kidato cha nne aliyemaliza shule na kuondoka kabla hajarudishiwa. Kwa hiyo hata umiliki wetu una walakini. Nilipomtania kwamba ameniachia mali ya wizi, alicheka akasema, "Mwanangu, kile hakikuwa cha mtu. Kilikuwa cha bweni."

Makala haya yanahusu neno hilo, kitabu cha bweni. Nataka kudai kwamba kuazimana vitabu si hisani ndogo ya watu wasio na pesa. Ni uhakiki, na pengine ndio uhakiki wa kwanza kabla ya huu wetu wa magazetini. Nataka pia kudai kwamba sisi vijana wa simu tumeuua uhakiki huo, na kwamba mimi ninayeandika ni mmoja wa wauaji. Nitakiri nikifika hapo.

Wahakiki wa pembeni

Riwaya yenyewe wengi mnaijua. Ilitoka mwaka 1971, mwandishi akiwa kijana wa miaka 27 hivi, yaani mtu wa rika letu. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, na kijiji hicho hicho akakiweka kitabuni. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi anayedhani kumlea mtoto wa kike ni kumfungia na kumchapa. Binti anafika kwenye dunia ya shule na chuo akiwa hajui lolote kuhusu wanaume isipokuwa hofu, na uhuru unapomjia unamjia kama mafuriko. Mwisho wake anajiua, baada ya Charles aliyetarajia kumwoa kumkataa kwa kuwa si bikira. Kwa kuwa mwandishi aliyataja mambo ya ngono na utoaji mimba bila kuyafunika shuka, riwaya ilipigwa marufuku shuleni. Miaka ikapita, ikaruhusiwa, ikawa kitabu cha kufundishia. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, na tahakiki za kazi zake ukizipanga zinafika kiunoni.

Tahakiki hizo nimezisoma nyingi. Zina mpangilio wake tunaoujua sote: maudhui, fani, dhamira kuu, dhamira ndogondogo, nafasi ya mwanamke, ujumbe, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Zimetufaulisha mitihani, tuzishukuru. Lakini nakala ya mama mdogo ina tahakiki nyingine, iliyoandikwa pembeni mwa kurasa na wasichana wa bweni, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikae na riwaya hii upya.

Chukua tukio la mwanzo, pale barua ya Charles kwa Rosa inapogundulika na Zakaria anamwadhibu binti yake. Pembeni, kwa wino wa kijani, mtu ameandika: "Baba yangu huyu." Chini yake, kwa penseli: "Wa kwangu hasubiri barua."

Basi. Wameandika mistari miwili tu. Lakini angalia kilichofanyika. Huyu wa kwanza amemtambua mhusika. Huyu wa pili amempinga mwandishi kidogo: kwamba Kezilahabi amempa Zakaria sababu ya kupiga, wakati majumbani kwetu kipigo hakingoji sababu. Hilo ni suala la uhalisia, ambalo mwalimu angelifundisha kwa vipindi viwili na ubao mzima.

Mwishoni, Rosa akiwa ameshakufa, yule wa penseli ameuliza: "Charles naye alikuwa bikira?" Na chini yake mtu wa wino mwekundu ameongeza: "Swali hili mwalimu hakuliuliza."

Mimi nilisoma riwaya hii shuleni na nikapata alama nzuri katika swali lake. Niliandika kwamba Rosa ni mfano wa malezi mabaya. Sikuuliza kuhusu Charles. Hakuna aliyeniuliza. Msichana wa kidato cha pili mwenye penseli aliyasema kwa maneno manne mambo ambayo mimi sikuyaona kwa kurasa tatu za mtihani.

Kwa nini yeye aliyaona? Sidhani alikuwa na akili kunishinda, ingawa inawezekana. Nadhani ni kwa sababu hakuwa anamwandikia msahihishaji. Alikuwa anamwandikia msichana atakayefuata. Mtu anayemiliki kitabu peke yake haandiki pembeni "baba yangu huyu", anamwambia nani? Unaandika hivyo kwa kuwa unajua kitabu kinaondoka wiki ijayo, kinakwenda kwa mtu unayemjua, atakayelala kitanda cha tatu kutoka dirishani. Uhakiki ulizaliwa kwa sababu kitabu hakikuwa chake.

Azima na azima

Kiswahili kina ujanja wake hapa. Nikisema "niazime kitabu," naomba kupewa. Nikisema "nimeazima kitabu kwa jirani," nimepokea. Kitenzi ni kilekile. Najua wapo wanaotaka tuseme kuazimisha kwa anayetoa, nami sigombani nao, lakini mtaani kitenzi kimoja kinawatosha wote wawili, mtoaji na mpokeaji. Naona lugha imesema kweli, kwa sababu anayetoa kitabu naye anasubiri kupokea kitu, na kitu hicho ni neno la msomaji.

Fikirini jinsi inavyokwenda. Ninamaliza riwaya usiku. Asubuhi nina kitu kifuani, nataka mtu wa kusema naye. Lakini siwezi kumpa kila mtu, kitabu ni kimoja. Kwa hiyo nachagua. Huyu hapana, atakifungia maandazi. Yule hapana, ataishia ukurasa wa kumi. Huyu hapa ndiye, kwa sababu alifiwa na baba mwaka jana na sura ya tano itamgusa. Tayari nimefanya mambo mawili ambayo mhakiki yeyote anatakiwa kuyafanya: nimeamua kazi hii inasema nini, na nimeamua inasema na nani.

Halafu nakitoa, na kwenye rafu panabaki pengo. Pengo hilo lina kazi. Linanifanya nimwulize mwenzangu kila tukikutana kwenye daladala, "Umefika wapi?" Naye anajibu, hata kama ni kwa uwongo. Siku ya tatu uwongo unamwishia, anasoma ili apate la kusema. Mabishano yenu yote kuhusu vitabu, ndugu zangu, kumbukeni yalianzia wapi. Mengi yalianza na mtu anayedai kitabu chake.

Wahenga hao hao wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwenye vitabu hapo hawakukosea hata kidogo. Nimepoteza urafiki mmoja kwa ajili ya diwani moja, na diwani nyingine ninayo mpaka leo ambayo si yangu. Sijifanyi msafi. Lakini matanga hayo ni sehemu ya jambo lenyewe. Kitu ambacho hakiumi kikipotea, mtu hawezi kusema amekiazima.

Kidole gumba

Sasa nakiri.

Kwenye simu yangu nina PDF za vitabu 312. Nilivyovisoma mpaka mwisho ni tisa. Nimo kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa vitabu, watu 140, na kila siku mtu anaomba: mwenye kitu fulani atutupie. Neno lenyewe ndilo hilo, kutupia. Zamani tuliazimana, siku hizi tunatupiana.

Mwandishi mwenzetu, ambaye sitamtaja, alichapisha mkusanyiko wa hadithi fupi kwa pesa yake mwenyewe. Nakala 300. Alikuwa anazibeba kwenye begi la mgongoni na kuuza mkononi, shilingi 8,000 kila moja. Nilinunua siku ya kwanza, nikapiga naye picha. Wiki mbili baadaye mtu akauliza kwenye kundi nani anacho kile kitabu. Nami, kwa kutaka kuonekana mkarimu, nikakaa usiku chini ya taa na kupiga picha kurasa zote 112, nikaziunganisha, nikatupia. Dole gumba zikamiminika. Nikalala nikijiona nimeitumikia fasihi ya Kiswahili.

Hakunipigia simu. Alinikuta kijiweni, akaketi, akaagiza chai ya rangi, akanisogezea simu yake.

"Ukurasa wa 41," alisema. "Kidole hicho nakijua."

Kweli, pembeni mwa ukurasa kilionekana kidole gumba changu na kovu lake. Faili lilikuwa limemfikia kutoka kundi ambalo mimi simo, lililotumiwa na mtu ambaye simjui.

"Kaka," nilisema, "mimi nilikuwa nakutangazia."

"Sawa. Wamesemaje?"

"Akina nani?"

"Hao ulionitangazia. Wako 140. Ile hadithi ya mwisho, wamesemaje?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyesema kitu. Zilikuja dole gumba, halafu mtu akaomba kitabu kingine, watu wakahamia huko.

Akanywa chai yake. Halafu akasema maneno ambayo yamenifanya niandike makala haya: "Pesa inaniuma, nisikudanganye. Lakini wangeniibia halafu wakasoma, ningelia nusu." Akanitazama. "Wewe mwenyewe hiyo ya mwisho umeisoma?"

Nilikuwa nimeipiga picha. Sikuwa nimeisoma.

Kunakili si dhambi mpya

Najua kuna atakayenirukia hapa. Atasema: wewe unakaa mjini, wenzako huko mikoani duka la vitabu liko umbali wa siku moja kwa basi. Atasema kitabu kimoja cha fasihi ni pesa ya chakula cha nyumba nzima. Atasema bila fotokopi nusu ya wanafunzi wa chuo kikuu wasingehitimu. Yote ni kweli na siyapingi. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 ipo, Sheria ya Kenya ya 2001 ipo, lakini njaa ya kusoma ilikuwepo kabla ya sheria zote mbili.

Tena naongeza: fasihi yetu yenyewe imeishi kwa kunakiliwa. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Haukubaki kwa binti mmoja. Ulinakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, ukapita kwa wanawake wa pwani miaka mingi kabla haujaingia mtamboni. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yasingetufikia kama si watu waliyoyahifadhi vichwani na kwenye karatasi, akiwemo Mwalimu Sikujua aliyeyakusanya pamoja na mmisionari Taylor. Kitabu chenyewe kilichapwa mwaka 1940, miaka 100 baada ya mshairi kuzikwa. Hao wote walikuwa wanatupiana? Hapana. Aliyenakili utendi kwa kalamu alilazimika kuupitia ubeti kwa ubeti, neno kwa neno. Pengine alikuwa ndiye msomaji makini kuliko wote. Mimi nilinakili kurasa 112 katika dakika arobaini na kichwani hakikuingia kitu.

Kwa hiyo silaumu kunakili. Nalaumu kunakili bila kusoma, na kumpa mtu kitabu bila kumchagua.

Na tusiseme kuazimana ni jambo dogo. Nairobi kuna Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Mpaka mwaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuitumia. Vitabu vilikuwemo ndani, mji ulikuwa na wasomaji, na katikati yao kulikuwa na mlango. Waliofunga mlango ule walijua wanafanya nini. Kuamua nani aazime na nani asiazime ni mamlaka, na sisi tumeyapata mamlaka hayo kwenye viganja vyetu, tukayatumia kutupiana.

Kitabu kisichoondoka

Baada ya aibu ya kijiweni niliamua kuwa mtu mwema. Nikasema nitanunua vitabu vya elektroniki kihalali. Nikanunua riwaya moja kwa dola, kupitia kampuni moja ya nje, na riwaya ilikuwa tamu kweli. Nilipomaliza nikamkumbuka rafiki yangu wa Mwanza. Nikatafuta mahali pa kumwazima. Hapakuwepo. Nikasoma yale masharti marefu ambayo sote tunayakubali bila kuyasoma, nikagundua kwamba sikuuziwa kitabu. Niliuziwa ruhusa ya kusoma. Njia pekee ya kumwazima rafiki yangu ilikuwa kumpelekea simu yangu Mwanza.

Haya mambo yana historia yake, na mwandishi chipukizi inafaa aijue kabla hajasaini mkataba.

Mwaka 1908 mahakama kuu ya Marekani iliamua kesi ya wachapishaji Bobbs-Merrill. Walikuwa wamechapa ndani ya riwaya yao onyo kwamba isiuzwe chini ya dola moja. Duka la Macy's likaiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema mchapishaji akishauza nakala, hana tena sauti juu ya nakala ile itakavyouzwa mbele ya safari. Huko Marekani, duka la vitabu vya mtumba, maktaba ya mtaa na mimi ninayekuazima riwaya yangu tunasimama juu ya wazo hilo: nakala ni yako, kazi ni ya mwandishi.

Kwenye kitabu cha elektroniki wazo hilo limekwama. Amazon walitoa kisomeo chao, Kindle, mwaka 2007. Julai 2009 wakafuta kutoka mbali nakala za riwaya za George Orwell kwenye vifaa vya watu waliokwisha kuzilipia, kwa sababu aliyeziuza pale hakuwa na haki nazo. Moja ya riwaya hizo ilikuwa 1984, ile ya serikali inayofuta maandishi. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi. Lakini tulikuwa tumeshajua kwamba kitabu kinaweza kutoka kwenye rafu yako usiku bila wewe kufungua mlango.

Mwishoni mwa 2010 kampuni hiyo ikaruhusu kuazimana, kwa masharti: kitabu kimoja mara moja tu, siku 14, na kama mchapishaji amekubali. Katika siku hizo mwenye kitabu naye hakuweza kukisoma. Hapo, kusema haki, naona kuna mtu aliyeelewa maana ya pengo kwenye rafu. Ila mara moja tu! Kitabu cha mama mdogo kingefika kwa msichana wa wino wa kijani na kuishia hapo. Wa penseli asingekiona, na swali kuhusu Charles lisingeulizwa. Mwaka 2011 wachapishaji HarperCollins nao walitangaza kwamba kitabu cha elektroniki kikiazimwa na maktaba mara 26, maktaba inunue upya, kana kwamba faili linachakaa kama karatasi. Na Desemba 2019 Mahakama ya Ulaya, katika kesi ya kampuni ya Uholanzi iitwayo Tom Kabinet, iliamua kwamba kuuza kitabu cha elektroniki kama mtumba kunahitaji ruhusa ya mwenye haki. Sababu waliyotoa ina mantiki: faili halichakai, kwa hiyo mtumba wake ni sawa na mpya. Mantiki nakubali. Ila bweni limekosa kitabu.

Kuna hadithi fupi moja iliyoliona hili mapema. Richard Stallman, mtu wa kompyuta wa Marekani, aliichapisha Februari 1997, inaitwa The Right to Read. Kijana wa chuo anaombwa kompyuta na msichana ambaye yake imeharibika. Kumwazima ni hatari, kwa sababu humo ndani mna vitabu vyake, na katika dunia ile kumruhusu mwingine asome vitabu vyako ni kosa la jinai. Kifasihi hadithi ina udhaifu: wahusika ni wembamba, na katikati mwandishi anaacha kusimulia na kuanza kuhutubia. Lakini ufumbuzi wake umenikaa. Kijana anampa msichana kompyuta, na nywila juu. Anafanya hivyo kwa sababu anampenda. Mhubiri yule amelijua jambo moja vizuri, kwamba mtu haazimi kitabu kwa kanuni, anaazima kwa sababu ya mtu fulani.

Kwa hiyo tumefika mahali pa ajabu. Kwenye kundi la WhatsApp kitabu kinakwenda kwa watu wote na bado hakitoki kwangu. Kwenye duka la elektroniki kitabu kiko kwangu na hakiwezi kuondoka. Moja tunaita uharamia, jingine tunaita biashara halali, lakini kote kuwili sijatoa kitu, sijachagua mtu, wala simwulizi mtu amefika wapi.

Tufanyeje?

Sina sera ya taifa ya vitabu mfukoni. Nina mambo machache ambayo nimeanza kuyafanya mwenyewe.

Kwanza, faili nampa mtu mmoja, kwa jina lake, na sababu. "Soma hii kwa ajili ya sura ya tano." Likiwa la mwandishi aliye hai na namba yake iko nyuma ya jalada, namwomba ruhusa, au yule ninayempa namwambia amtumie mwandishi chochote kwa simu. Mara nyingi hatumi. Lakini mara nyingine anatuma, tena na ujumbe.

Pili, anayeazima kwangu analipa neno. Kitabu kikirudi bila neno sikiazimi kwake tena. Sitaki sifa, hata "kimenichosha ukurasa wa 30" ni malipo, ilimradi aseme kwa nini.

Tatu, tusimdanganye mwandishi. Majina 11 kwenye nakala moja ni mauzo ya nakala moja, na Kezilahabi hakupata senti kwa yale 10 mengine. Denmark ilianza mwaka 1946 kuwalipa waandishi kwa vitabu vyao vilivyomo maktabani, na Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1979. Hayo ni mambo ya kudai kama waandishi, kwa pamoja, badala ya kila mmoja kukimbizana na PDF yake usiku.

Kuhusu mshikaji wangu. Niliisoma ile hadithi ya mwisho. Inahusu mzee anayerudi kuuza shamba na kukuta kaburi ambalo hakuna anayelikumbuka. Nadhani mwisho wake umeharakishwa, na nadhani ukurasa unaotangulia mwisho ni bora kuliko chochote kilichoandikwa na rika letu. Nilimwandikia hivyo, karatasi nne, kwa mkono. Hakujibu kwa wiki mbili. Halafu akaja kijiweni na karatasi zangu, amezijaza maandishi pembeni, ananibishia karibu kila aya.

Tulipokuwa tunabishana ikatokea kwamba Rosa Mistika hajawahi kuisoma. Alisoma ule muhtasari wa mtihani, akafaulu. Kwa hiyo kesho nampelekea hii ya mama mdogo. Nimeandika jina langu, la 12. Naogopa, sitaki kuficha. Anaweza kuipoteza, na baada ya niliyomfanyia sitakuwa na mdomo wa kudai.

Mwenye hoja tofauti aandike, kurasa hizi ni zetu sote. Na nakala hii ya gazeti ukishaimaliza, usiiweke kabatini. Tafuta mtu, umpe, halafu umwulize amefika wapi.